Kusimama, Kutua na Kuhama: Misemo ya Uthabiti na Historia ya Mpaka wa Sakania

Katika ramani ya Afrika ya Kati kipo kipande cha ardhi ya Kongo kinachopenya ndani ya Zambia kuelekea kusini-mashariki, hata kikakaribia kuigawa nchi hiyo sehemu mbili. Wakongo watumiao Kifaransa hukiita buti la Sakania. Waingereza, waliotawala ng'ambo ya pili, walikipa jina lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ya kwanza ni mguu mdogo. Hivyo mataifa mawili ya Ulaya, kila moja kwa lugha yake na pasipo kushauriana, yalitazama eneo hilohilo yakaona kiungo kile cha mwili ambacho mtu husimamia. Wenyeji wa eneo hilo, yaani Walala, Walamba na Waaushi, walikuwapo kabla ya buti na kabla ya mguu.

Makala haya yanahusu misemo. Yanakusudia kuchunguza namna Kiingereza kinavyosifu uthabiti wa mtu, namna Kiswahili kinavyousifu, na jambo linalotokea pale lugha hizi zinapokutana mbele ya watu ambao historia yao imewafundisha uthabiti wa namna nyingine. Tumechagua Sakania kwa sababu ni mlango ambao Kiingereza kiliingilia Katanga kwa reli, na ni mahali ambapo Kiswahili, Kifaransa na Kibemba husikika katika soko moja. Aidha, suala lenyewe si la mapambo. Mwalimu wa tafsiri katika chuo chochote cha Afrika ya Mashariki na ya Kati anajua kwamba mwanafunzi akipewa msemo wa Kiingereza juu ya kusimama imara ataufasiri neno kwa neno, na aghalabu sentensi atakayoiandika itakuwa sahihi kisarufi lakini isiyo na maana iliyotarajiwa. Kosa la namna hiyo likirudiwa magazetini na katika hotuba kwa miaka thelathini hugeuka kuwa Kiswahili, na hapo ndipo tunapopoteza kitu.

Ardhi ya Mwingereza

Mwingereza asiyekubali kuiacha hoja yake husemwa kuwa anasimama juu ya ardhi yake, au ameshikamana na mizinga yake, au amechimbia visigino chini, au anaishikilia ngome. Asiyelevywa na cheo husemwa kuwa miguu yake yote miwili iko juu ya ardhi. Msomaji atatambua mara moja kwamba sehemu kubwa ya misemo hii ni lugha ya askari wa nchi kavu. Ardhi inayotajwa si shamba wala si nchi ya mababu, bali ni kile kipande cha uwanja wa vita ambacho kikosi kimepewa kukilinda. Mizinga ni ile ambayo mpigaji wake hapaswi kuikimbia adui anaposogea.

Msemo wa ngome una historia inayojulikana vizuri zaidi. Mnamo Oktoba 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali Sherman alipeleka ujumbe kwa ishara za bendera kwa kikosi chake kilichozingirwa Allatoona, katika jimbo la Georgia, akikitaka kistahimili mpaka msaada ufike. Mwaka 1870 Philip Bliss alitunga wimbo wa dini juu ya tukio hilo, na maneno yaliyokuja kuvuma duniani ni ya wimbo wake, wala si maneno kamili ya ujumbe wenyewe. Wahubiri Moody na Sankey waliueneza wimbo huo Uingereza katika ziara yao ya miaka ya 1873 hadi 1875, na kutoka huko vitabu vya nyimbo vya Sankey vilisafiri na wamisionari wa Kiprotestanti hadi pembe nyingi za Afrika. Kwa hiyo msemo wa vita vya Wamarekani ulifika kwetu ukiwa umevaa kanzu ya kanisa. Hili ni jambo la kawaida katika historia ya misemo, nasi hatulilaumu. Tunalitaja ili ionekane kwamba msemo hubeba mahali ulikozaliwa hata pale wasemaji wake wanapopasahau.

Sasa mtu aandike kwa Kiswahili kwamba mzee fulani amesimama juu ya ardhi yake. Msomaji wa Mwanza au wa Lubumbashi atadhani ni kesi ya shamba, na pengine atauliza hati iko wapi. Na mtu aandike kwamba waziri fulani yuko chini: hapo hakuna sifa hata kidogo, kwani katika Kiswahili kuwa chini ni kuwa mnyonge, na mtu wa chini ni yule asiye na kitu. Ardhi ya Kiingereza na ardhi ya Kiswahili si ardhi moja.

Simama na maana zake

Kitenzi chetu simama kina tatizo ambalo Mwingereza halijui. Ni kuwa wima, na papo hapo ni kuacha kwenda. Gari likisimama halisifiwi. Kazi ikisimama ni hasara. Kwa sababu hiyo simama peke yake haitoshi kuwa sifa ya uthabiti, na Kiswahili kimelazimika kuiongezea neno la kuielekeza: kusimama imara, kusimama wima, kusimama thabiti, kusimama kidete. Imara na thabiti yametoka Kiarabu. Wima ni la Kibantu, nalo linashiriki mzizi na kitenzi cha Kibemba iminina, chenye maana ya kusimama. Kidete ndilo linalovutia zaidi, maana halitumiki ila na kitenzi hiki. Mtoto mchanga anayejaribu miguu yake kwa mara ya kwanza husemwa kuwa amesimama dede, yaani amesimama huku akiyumba. Mtu mzima asiyeyumba husimama kidete. Hatudai hapa kwamba neno moja limezaa jingine. Twasema tu kwamba msemaji wa Kiswahili anayo masikioni maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, moja la kusimama kwa mashaka na jingine la kusimama kwa uhakika.

Kutoka mzizi huohuo tunapata pia msimamo, neno ambalo siasa za karne ya ishirini zililipa kazi kubwa kuliko ile liliyokuwa nayo awali, na tunapata simamia na msimamizi. Kwa Kiswahili, basi, yule anayekataa amri ana msimamo, na yule anayetoa amri ni msimamizi. Wote wawili wamesimama. Tofauti ni kwamba mmoja amesimama juu ya wenzake. Mambo haya yatahitajika tutakapofika mwaka 1941.

Pwani ilikuwa na sifa zake nyingine, na nyingi zimetoka baharini. Mtu aliyetulia mahali ametia nanga. Anayejisahau kwa cheo hukumbushwa kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ndiyo jibu la Waswahili kwa ule msemo wa Kiingereza wa miguu miwili juu ya ardhi, nayo imetimia kuliko msemo wenyewe: haimwambii mtu abaki alipo, bali inamruhusu atembee shetri na gubetini apendavyo, maadamu anajua kwamba mwishowe atarejea tumboni mwa chombo. Ila sharti tukiri kwamba Sakania iko mbali na bahari zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Mwanafunzi wa huko anayekutana na tezi, omo na ngama katika kitabu cha shule anajifunza misemo ya kigeni kwake sawasawa na ile ya mizinga na ngome. Bara ina kisiki cha mpingo, ambacho hakihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kulima, na ina kupiga moyo konde. Siku hizi vijana wa Tanzania wameongeza kukaza buti. Neno lenyewe buti ni la Kiingereza, lakini msemo ni wetu, na unahusu juhudi kuliko ukaidi.

Kituo

Kama simama si jibu kamili la uthabiti wa Mwingereza, neno lipi hasa linasimama badala ya ule utulivu wa mtu ambaye miguu yake iko ardhini? Rai yetu ni kwamba jibu halimo katika simama kabisa, bali katika tua. Kutua ni kuweka mzigo chini. Ndege hutua, mpagazi hutua, na baadaye eropleni nayo ikatua. Kutoka tua tumepata tulia, yaani kutua kwa kukaa, na kutoka tulia tumepata utulivu na mtulivu. Mtu mtulivu, kwa asili ya neno, ni yule ambaye mzigo wake umeshafika chini. Kwa Mwingereza uthabiti ni kazi ya miguu inayokataa kuondoka. Kwa Mswahili utulivu ni kazi ya kichwa na mabega yaliyokwisha kupumzishwa.

Si ajabu kwamba neno hili lilikita mizizi bara, kwa maana Kiswahili kiliingia huko juu ya vichwa vya wapagazi. Misafara ya biashara ilikuwa imefika Katanga kabla ya Wazungu, na Msiri mwenyewe, mtawala wa Bunkeya, alikuwa ametoka upande wa Unyamwezi katikati ya karne ya kumi na tisa. Msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold kuitwaa Katanga ulianzia Zanzibar, na wapagazi wake wengi walikuwa watu wa pwani. Msiri alikataa kuipokea bendera ya Leopold, akauawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Katika historia ya Katanga yeye ndiye wa kwanza kutajwa watu wanapotafuta mfano wa mtu aliyesimama asiondoke, ingawa wale aliokuwa amewatawala kwa mkono mzito walikuwa na maneno mengine juu yake, nayo yanastahili kusikilizwa vilevile.

Reli ilipokuja ilileta neno jipya kwa kituo. Kutoka kusini njia ya reli ilifika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, mwaka 1906. Mwaka 1909 ikafika mpakani Sakania, na mwaka 1910 treni ikaingia Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kwa muda mfupi Sakania ilikuwa mwisho wa reli, kisha ikawa lango la forodha. Neno stesheni tulilolipokea kutoka Kiingereza limetokana na mzizi wa Kilatini wenye maana ya kusimama: stesheni ni mahali pa kusimama. Kituo ni mahali pa kutua. Maneno mawili yanataja jengo moja. Moja linawaza juu ya gari, jingine juu ya mtu aliyebeba mzigo. Nani atasema kwamba tofauti hiyo haina maana katika mji ambao uliishi kwa kupakua na kupakia?

Mpaka uliopita chini ya miguu

Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold ulieleza mpaka kwa maneno ya mtu anayetazama karatasi. Mstari ufuate mto Luapula mpaka pale unapotoka katika ziwa Bangweulu. Kutoka hapo ushuke kusini kwa kufuata meridiani ya mahali hapo mpaka kwenye mgongo wa nchi unaotenganisha maji ya Kongo na maji ya Zambezi. Kisha ufuate mgongo huo kuelekea magharibi. Hivyo ndivyo buti lilivyokatwa. Hakuna kiongozi wa Walala wala wa Walamba aliyeulizwa. Tume ya Waingereza na Wabelgiji iliyoupima mpaka huo ardhini ilifanya kazi kati ya 1911 na 1914, ikiweka alama katika misitu ambamo, kwa macho ya kawaida, mgongo wa nchi hauonekani. Ni uwanda wenye miinuko midogo tu, na maji hayana haraka ya kuamua yaende upande gani.

Hapa ndipo msemo wa Kiingereza unapopatwa na aibu. Asimameje mtu juu ya ardhi yake ilhali ardhi yenyewe imehamishwa chini ya miguu yake pasipo yeye kusogea? Mlamba aliyelala mtu mmoja aliamka akiwa raia wa serikali moja na shemeji yake wa serikali nyingine. Clement Doke, mmisionari wa Kibaptisti aliyekuwa upande wa Rhodesia ya Kaskazini, alikusanya hadithi na methali za Walamba na kuzichapisha mwaka 1927, kisha mwaka 1931 akatoa kitabu juu ya maisha yao. Upande wa Kongo kazi inayolingana na hiyo ilifanywa baadaye sana na Léon Verbeek, padri wa shirika la Wasalesiani, ambaye utafiti wake juu ya historia ya siasa za eneo lililo kati ya Luapula na mikoa ya shaba ulitoka mwaka 1987. Watu walikuwa wa jamii moja, lakini wanahistoria wao waliandika kwa Kiingereza ng'ambo hii na kwa Kifaransa ng'ambo ile, na msomaji wa Kiswahili hakuandikiwa na yeyote.

Wenyeji walifanyaje? Waliondoka. Mwanahistoria Mwelwa Musambachime, katika makala yake ya 1988, ameeleza jinsi watu wa Luapula na Mweru kati ya 1900 na 1940 walivyotumia mpaka kama silaha: kodi, kazi za shuruti na masharti ya kudhibiti malale vilipozidi upande mmoja, walivuka kwenda upande wa pili, na wengine wakarudi hali ilipogeuka. Musambachime anauita uhamaji huo kuwa ni upinzani, nasi tunaona yuko sahihi. Hao hawakusimama. Hawakuchimbia visigino. Walifunga mizigo wakaenda kutua kwingine. Hata hivyo nani atasema hawakuwa na msimamo? Serikali ya kikoloni iliwaita watoro, na watumiaji wa misemo ya mizinga na ngome hawana neno la sifa kwa mtu anayeondoka.

Kiswahili kinalo, au angalau kina nafasi yake. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii husomwa mashuleni kama mzaha juu ya woga, lakini si mzaha. Inatazama nyumba mbili usiku wa siku ya vita, inahesabu waliorudi, na haisemi ni ipi iliyo bora. Mwalimu anayeifundisha pamoja na misemo ya Kiingereza ya kusimama imara angetoa somo zuri kuliko anayefundisha kimojawapo peke yake.

Desemba 1941

Wako ambao hawakuweza kuhama, na wako waliochagua kutohama. Tayari mnamo Mei 1935, ng'ambo ya mpaka, wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya katika Rhodesia ya Kaskazini walikuwa wamegoma juu ya kodi, na watu 6 wakauawa Luanshya, si mbali na Sakania. Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Katanga. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na koloni ikazalisha madini kwa ajili ya mataifa ya Muungano. Bei zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. Mapema mwezi Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Elisabethville. Tarehe 9 Desemba wafanyakazi wa Lubumbashi walikusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuwapo. Waliamriwa watawanyike, hawakutawanyika, na askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu siku ile: taarifa za serikali zilitaja makumi, na kumbukumbu za mji zinataja zaidi ya hapo. Léonard Mpoyo, mtu aliyesoma na ambaye masimulizi yanamtaja kuwa msemaji wa wenzake, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Tuitazame siku hiyo kwa macho ya kitenzi chetu. Kazi ilikuwa imesimama. Watu walikuwa wamesimama uwanjani. Walikuwa na msimamo. Mbele yao walikuwapo wasimamizi. Neno moja linatosha kueleza mgomo wote, pande zote mbili, na kila mara linapotumika linabadilika kidogo. Kiingereza kinachosifu kusimama na kulaumu kukoma hakiwezi kusema hivyo kwa neno moja. Kwa Kiswahili kukoma kazi na kukaa wima mbele ya bunduki kulikuwa kitendo kimoja, na kitenzi kilikuwa tayari kinajua hivyo kabla ya wafanyakazi wenyewe.

Tukio hilo halikuingia katika vitabu vya shule za koloni. Liliingia katika picha. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, alilichora, na katika miaka ya 1973 na 1974 aliliweka ndani ya mfululizo wa takriban picha mia moja za historia ya nchi alizomchorea na kumsimulia Johannes Fabian. Masimulizi hayo yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati ule, na Fabian aliyachapisha mwaka 1996. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Fabian alikuwa ametoa andiko jingine la mji uleule: historia ya Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, nayo pia kwa Kiswahili cha Katanga. Maandiko haya mawili yana thamani isiyo kifani kwa mtu anayetaka kujua namna Kiswahili kilivyotumika kuzungumza juu ya nguvu, unyonge na ustahimilivu mbali na pwani. Inasikitisha kwamba katika idara nyingi za Kiswahili yanasomwa zaidi na wanaanthropolojia kuliko na wanaisimu.

Sababu ya kupuuzwa huko inafahamika. Kiswahili cha Katanga kimeitwa kibovu tangu kilipoanza kuandikwa. Katika kitabu chake cha 1986 Fabian alionyesha kwamba lugha hiyo haikufika migodini kwa kutiririka tu kutoka pwani kama mto. Katika miaka ya mwanzo Union Minière ilitegemea sana wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na mazungumzo ya kazini yaliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa mchanganyiko wa lugha uliotoka migodi ya kusini. Wabelgiji waliona katika hali hiyo hatari ya kisiasa: reli ilitoka kusini, makaa ya mawe na bidhaa zilitoka kusini, wafanyakazi walitoka kusini, na Kiingereza kingefuata. Walipoelekeza uajiri ndani ya Kongo na Ruanda-Urundi katika miaka ya 1920, Kiswahili kilipata nafasi yake kama lugha ya kazi, na nafasi hiyo haikuwa bahati nasibu. Kwa hiyo hata kuwapo kwa Kiswahili Lubumbashi ni sehemu ya mashindano ya Wabelgiji na Waingereza, yaleyale yaliyochora mguu na buti.

Neno kosa

Buti la Sakania halikuwa sehemu ya mji. Wasalesiani, walioanza kazi yao Elisabethville mwaka 1911, walikabidhiwa eneo la Luapula ya juu kuwa jimbo lao la kanisa mwaka 1925, nalo baadaye likachukua jina la Sakania. Huko vijijini Kibemba kilikuwa, na bado ni, lugha yenye nguvu. Kiswahili kilikuwa cha reli, cha askari na cha ofisi. Kukutana kwa lugha hizi mbili kumetoa jambo moja dogo ambalo, kwa maoni yetu, linazidi kwa uzito misemo yote tuliyoitaja.

Katika Kibemba kitenzi kosa maana yake ni kuwa mgumu, kuwa na nguvu, kuwa imara. Jiwe hukosa. Mtu anayetiwa moyo wakati wa msiba huambiwa akose, yaani ajikaze, asitetereke. Kutokana na kitenzi hicho hupatikana koselesha, kutia moyo. Katika Kiswahili kosa ni kupotoka, ni kutopata, ni dhambi, na kosesha ni kumfanya mtu apotoke au akose haki yake. Maneno haya hayatofautiani kwa sauti hata kidogo. Mwenye Kibemba na mwenye Kiswahili wakikaa katika behewa moja pale Sakania, mmoja akamwambia mwenziwe kosa, mmoja ametoa baraka na mwingine amesikia lawama.

Mtu anaweza kucheka, na watu wa mpakani hucheka kweli, maana wengi wao wanazo lugha zote mbili na wanajua watumie ipi. Lakini tulichukulie kwa uzito kidogo. Mtoto wa Sakania anaingia darasani akiwa na neno la nyumbani la uthabiti. Daftari lake la Kiswahili linarudi kutoka kwa mwalimu likiwa limeandikwa neno hilohilo kwa wino mwekundu, likihesabu alipopotoka. Baadaye, katika madarasa ya juu, anafundishwa kwa Kifaransa kubaki na miguu juu ya ardhi, na akivuka kwenda Ndola anakutana na mizinga na ngome za Waingereza. Hakuna kamusi ya Kiswahili tunayoifahamu inayomwambia kwamba neno lake la kwanza nalo ni neno, na kwamba jirani zake milioni kadhaa wanalitumia kila siku.

Yapo mambo mawili yanayoweza kufanywa na idara zetu, na hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni kwamba kamusi za baadaye za Kiswahili cha Katanga, zitakapotungwa, ziorodheshe kosa mara mbili, kama maneno mawili yenye asili mbili, na la pili lipewe alama ya eneo, kama tunavyotoa alama kwa maneno ya Kimvita au Kiamu bila kuyaona kuwa uchafu. La pili ni kwamba mazoezi ya tafsiri katika vyuo yaache kumpa mwanafunzi msemo wa Kiingereza peke yake, ukiwa umeng'olewa shambani mwake. Apewe hali: mtu fulani amekataa kuondoka, au ameondoka kwa kukataa, au amepanda cheo na hakubadilika. Kisha aulizwe watu wa kwao husemaje. Wa Lamu ataleta ngama, wa Songea ataleta kisiki cha mpingo, na wa Sakania huenda akaleta neno ambalo mwalimu mwenyewe atalazimika kuuliza maana yake.

Mpaka nao bado uko pale, ingawa si ule wa zamani. Mnamo Januari 1963, jaribio la Tshombe la kuitenga Katanga lilipokuwa linafikia ukingoni, majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Sakania. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, Katanga ikawa Shaba katika miaka ya 1970 na Katanga tena mwaka 1997, na tangu 2015 Sakania imo katika jimbo la Haut-Katanga. Wazambia wanaotoka mikoa ya shaba kwenda Luapula hukata njia kupitia ndani ya buti, wakiingia Kongo Mokambo na kutoka Chembe, ambako tangu 2008 kuna daraja mahali pa kivuko cha zamani. Safari yao ni ya nchi moja kwa hesabu yao, na ya nchi mbili kwa hesabu ya forodha. Wanapofika kizuizini husimama, kwa ile maana ya pili ya neno, na wakishapita hutua upande wa pili.